Sumaku na Taya la Ève

Kamina, Jumapili baada ya ibada

Yaya Edmond,

"Sumaku haionake. Sumaku inavutaka tu. Muntu mwenye anakuambia sumaku iliona ndani ya mufupa, anakudanganya."

Maneno hayo si yangu, Yaya. Ni ya Bokungu, sajini mstaafu wa kambi ya Base, fundi redio, mtu mwenye sauti kubwa kuliko bafle za muziki anazotengeneza. Aliyasema sokoni, mbele ya watu wasiopungua thelathini, akinitazama mimi. Nitayajibu. Ila nikusalimie kwanza kama inavyopasa, usije ukamwambia mkeo Lucienne kwamba dada yako anazeeka bila adabu.

Hujambo, kaka yangu mkubwa? Umerudi salama kutoka Kolwezi? Mgongo umekuacha, au bado unakaa kwa upande mmoja kama mtu mwenye siri? Lucienne hajambo? Na yule mtoto, malaria yake imekwisha? Na mdogo wetu Ève, mliye naye hapo nyumbani Lubumbashi, anakula nini siku hizi? Bado ni uji tu, au ameweza samaki aliyepondwa? Sisi huku tupo. Mvua imefika, barabara ya kwenda Base ni tope tupu, na shule inaendelea kwa wale wanaoweza kuivuka. Kwaya ya reli imepwaya tangu Ève aondoke. Leo wameimba bila ile sauti yake ya pili, na ilikuwa kama kusikiliza meza yenye miguu mitatu. Kila mtu aliniuliza habari zake mlangoni mwa kanisa. Niliwajibu kwa maneno mengi, na unanijua: nikijibu kwa maneno mengi kuna jambo ninalolikwepa.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Kwanza, wewe hupokea simu ukaifungua sauti, na nyumba nzima ikasikia. Pili, jambo hili linataka karatasi, ili nisipate baadaye nafasi ya kusema kwamba sikusema hivyo. Bibiche, mwalimu mwenzangu, atapiga picha kurasa hizi na kuzituma kwa simu yako leo leo. Treni siiamini. Ikikwama Bukama kama kawaida yake, barua itafika baada ya kisu cha daktari, na kisu ni Alhamisi.

Wewe hukuwepo siku ya IRM, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili, na Lucienne alikuwa na mtoto mgonjwa, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyekwenda na Ève. Acha nikueleze yote kwa mpangilio, maana nasikia umepewa vipande vipande.

Unajua jinsi uvimbe ulivyoanza. Ulikuwa kama punje ya hindi chini ya jino la kushoto, kisha kama jiwe la mto. Jino likaanza kucheza, likang'olewa. La pili nalo likang'olewa, na uvimbe ukazidi kukua kama uliokuwa ukingoja nafasi. Picha ya mionzi ilionyesha mfupa wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Kipande cha nyama kilipimwa, na shukrani kwa Mungu si kansa. Lakini Daktari Mukendi, huyo atakayempasua, alisema ni uvimbe wa ukaidi: ukiacha mabaki yake hurudi, na hurudi na hasira.

Nilimuuliza sasa IRM ya nini, ikiwa mfupa umekwisha kuonekana. Nilimuuliza mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba shida haiko katikati ya taya. Shida ni karibu na sikio, pale taya linapojipinda kama bawaba ya mlango. Pale pamevimba. Je, ni ugonjwa uliopanda, au ni maji tu ya mwili uliochokozwa na kung'olewa meno? Kwa mionzi, nyama na maji hufanana. Kwa IRM, kila kimoja hujitaja: maji hung'aa, nyama ya ugonjwa huwa na rangi yake, uboho wa mfupa na rangi yake. Kama pale pana maji tu, bawaba itaachwa, na Ève atatafuna na kuimba. Kama ugonjwa umefika, atakata kuanzia kidevu hadi sikio, pamoja na bawaba, na mdogo wetu atajifunza upya kufungua mdomo akiwa na miaka thelathini na minane.

Nilifurahi, Yaya, nikubali. Nilisahau kwa dakika chache kwamba tunasema habari za shavu la Ève. Nilitaka kujua mashine inafanyaje, na nilijua.

Fundi wa mashine alikuwa mama mpole mwenye karatasi ndefu ya maswali. Alimuuliza Ève kama ana hereni, pini za nywele, saa, jino la chuma, risasi au kipande cha bomu mwilini. Ève akacheka kwa upande wake mmoja mzuri, akasema, "Minyi si mwanajeshi, mama. Chuma yangu njo sauti." Fundi akacheka pia, akaandika hapana, hapana, hapana. Nikaketi nje. Kwa karibu nusu saa nilisikia mashine ikigonga kama mafundi watatu wanaopigilia bati moja. Ève alipotoka alisema shavu la kushoto lilimwasha moto mle ndani, kama mtu aliyempaka pilipili. Fundi hakucheka tena. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta yake.

Na mimi nilitazama, nikiwa nyuma ya bega lake. Ulimi wa dada yetu ulikuwa pale, umelala kama samaki. Meno ya kulia yalikuwa yamepangwa vizuri. Upande wa kushoto, kuanzia katikati ya shavu hadi sikio, palikuwa na doa jeusi lenye ukingo mweupe, na kila kilicho karibu nalo kimejikunja, kama kitambaa cha nailoni kilichoguswa na pasi ya moto. Taya halikuonekana. Bawaba haikuonekana. Fundi akamuuliza Ève tena habari za chuma, na Ève akajibu tena hapana.

Daktari Mukendi aliipindua picha huku na huku, akasema hawezi kungoja bila mwisho huku uvimbe unakula mfupa. Asipoona mpaka wa ugonjwa, atakata kwa upana, kwa usalama. Ndipo Alhamisi ilipoandikwa. Nami nikapanda treni kurudi, kwa sababu ya mitihani. Hivyo ndivyo nilivyosema: kwa sababu ya mitihani.

Habari ilinitangulia Kamina. Juzi nilikwenda sokoni kwenye Base kutafuta betri, na Bokungu aliniona toka mbali. Ni lazima ukumbuke kwamba kabla ya safari nilikuwa nimeisifu IRM kwenye kipindi changu cha redio, Ijumaa mbili mfululizo, na nilimtaja yeye kwa jina kama mfano wa watu wanaoishi na sumaku mezani bila kuijua. Sasa zamu yake. Akaita watu. Akasema, "Mwalimu alitufundisha ile mashine inaona mpaka mawazo. Njo iliona nini? Usiku!" Wake wa askari wakacheka mpaka mmoja akaangusha beseni la mihogo. Ndipo akasema yale niliyokuandikia juu.

Ningeweza kwenda zangu. Lakini unanijua. Nilimwambia, Bokungu, umekula mkate wa redio miaka ishirini, na redio ikilala mbele yako hata huitambui? Nikamweleza mbele yao wote kwamba mwili wa mtu umejaa maji, na ndani ya maji kuna chembe ndogo zisizohesabika ambazo kila moja ni kama sindano ya dira. Sumaku kubwa huzipanga zote zitazame upande mmoja, kama askari kwenye gwaride. Kisha mashine hutuma mawimbi ya redio, yale yale anayoyashika yeye kila asubuhi, na chembe zinapepesuka. Zinaporudi mahali pake kila moja hutoa sauti yake ya redio, na ya ndani ya maji hairudi kwa mwendo wa ile ya ndani ya nyama. Mashine hushika sauti hizo na kuzichora. Haioni, nilisema, hapo una haki, inasikiliza. Mgonjwa huwa stesheni, na mashine ni redio!

Kisha mama mmoja, mke wa koplo, akauliza kama njo sababu tumbo ya bwana yake inaimbaka kila saa ya kula. Kicheko kikaniponyoka hata mimi. Bokungu hakucheka, alikuwa anafikiri, na Bokungu akifikiri hufanya kwa mikono. Alichukua sumaku aliyoing'oa kwenye bafle kubwa iliyokufa, nzito kama bonge la chumvi, akaanza kuonyesha. Msumari ukaruka. Wembe ukaruka. Kijiko cha alumini kikabaki pale pale, akakitukana kwamba ni kivivu. Akasema kwa ushindi, "Munaona? Inavutaka tu! Mwalimu, leta mukono. Tuone kama itasikiliza na damu yako."

Nikampa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimevua saa, kwa sababu ile betri niliyokuwa naitafuta ilikuwa ya saa.

Aliileta sumaku juu ya kifundo changu, polepole, kwa mzaha. Na ngozi yangu, Yaya, ikainuka. Kidogo tu, kama utando wa maziwa unapoguswa na kijiko, ila iliinuka, na nikasikia kama unyoya unanivuta kutoka ndani. Aliisogeza kulia, ngozi ikafuata. Aliisogeza kushoto, ikafuata.

Nilingoja apige kelele. Alikuwa na watu thelathini nyuma yake na miaka ya matusi yangu ya kulipiza. Bokungu aliweka kiganja chake kipana juu ya mkono wangu ili wasione, akawaambia onyesho limekwisha, waende wakapike. Walipotawanyika aliniuliza chini chini, "Mwalimu, iko nini mule?" Akatazama zile alama tatu za wembe kwenye kifundo changu, akazihesabu kwa macho. Amekuwa askari, chanjo, zile chale za kupakwa dawa, anazijua kuliko mimi. Kisha akauliza swali ambalo nimekuwa nikilikimbia toka Lubumbashi mpaka Kamina, vituo vyote: "Na mudogo wako?"

Basi nilisema nitajibu hoja yake, na jibu langu ni hili. Bokungu amekosea katika neno moja tu, na neno hilo ni "tu". Sumaku inasikiliza, na tena inavuta. Na doa lile jeusi halikuwa usiku, wala uchawi, wala udhaifu wa mashine. Lilikuwa chuma. Chuma kikiwa karibu, sumaku huzipotosha chembe zote zilizo jirani, gwaride linavunjika, na redio haishiki kitu. Ève ana chuma kwenye shavu, na hajui.

Mimi nilijua.

Sasa soma polepole, maana sitaweza kuandika mara mbili. Mwezi wa tatu, jino la pili lilipong'olewa na uvimbe ukaongezeka, nilimpeleka Ève kwa Mama Kaumba, mganga wa ng'ambo ya reli, akachanjwe. Mimi. Miaka kumi na mitano nimewaita watu wa chanjo wezi wa damu, kwa jina na kwa redio. Ève ndiye aliyekataa. Aliniambia, "Weye njo unakatazaka bantu ku redio, Yaya Phébé." Nilimwambia anyamaze, akae. Nilikuwa nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya mataya na uvimbe, na kusoma kote kulinipa hofu tu, na hofu ikinishika mimi hainiulizi nimesoma vitabu vingapi.

Mama Kaumba sitamlaumu. Alifanya kazi yake kwa mikono safi na wembe mpya. Alisema ugonjwa uliokaa hufukuzwa kwa kitu kisichojua kukaa, basi anahitaji chuma kilichosafiri. Alitaka unga unaobaki kwenye sabo, kile kiatu cha breki kinachosaga gurudumu la treni. Ni mimi niliyekwenda karakana ya reli kuuomba. Fundi mmoja aliyefanya kazi na baba aliniuliza wa nini, nami nikamwambia ni wa somo la sumaku. Yaya, hata haukuwa uongo kamili. Nusu nilimpelekea Mama Kaumba. Nusu nyingine niliinyunyiza juu ya karatasi mbele ya darasa la sita, nikaweka sumaku chini yake, na watoto wakapiga makofi unga ulipojipanga mistari mistari.

Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba sikuelewa. Hakuna mtu Kamina nzima aliyeelewa vizuri kuliko mimi unga ule ungefanya nini mbele ya sumaku.

Mama Kaumba aliuchanganya na mkaa na mizizi, akamchanja Ève chale saba mbele ya sikio na kando ya taya, akapaka. Ève aliambiwa ni dawa nyeusi, hakuuliza. Kwa desturi ya mama yule, anayemleta mgonjwa huchanjwa pia, ili ugonjwa ukifukuzwa usiingie mlango wa jirani. Zangu ni tatu, chini ya mkanda wa saa. Ndiyo sababu Ijumaa zote hizi siivui saa pale redioni.

Na liko baya zaidi. Fundi alipomaliza kumuuliza Ève, aligeuka kwangu. Alisema, "Na weye, mukubwa wake, unajua kitu?" Nikasema hapana. Nilijiambia kwamba ameuliza habari za chuma, na unga si chuma, ni dawa. Mimi, mwalimu wa sumaku! Nilitumia ujinga ambao nimeupiga vita maisha yangu yote, na nilijua bei yake nilipoliona doa lile kwenye kioo. Hata hapo nilinyamaza. Nilipanda treni. Niliona afadhali mdogo wangu akatwe taya kuliko mimi kukatwa neno mbele ya watu. Hakuna namna nzuri ya kuliandika hilo, na nimejaribu namna nne.

Ijumaa ijayo nitalisema redioni, na Bokungu amekubali kuketi upande wa pili wa meza. Hilo ni langu. Kuna lililo lenu, na ni la kabla ya Alhamisi.

Msalimie Lucienne na umshukuru kwa uji wake na uvumilivu wake. Watoto wote nawasalimu, mkubwa kwa mdogo. Majirani wa reli wanawakumbuka, na kwaya imeniagiza niseme kwamba kiti cha Ève hakuna aliyekikalia.

Sasa, Edmond: usitie sahihi karatasi ya ruhusa ya upasuaji. Msomee Ève barua hii leo, wewe na yeye tu, na usiruke pale inapoonekana nimekuwa mbaya. Taya ni lake. Asilisikie jambo hili kwa daktari kwanza. Akitaka kunitukana mpe simu, nitapokea. Kisha kesho asubuhi uwe mlangoni mwa hospitali kabla haujafunguliwa, uwape fundi wa mashine na daktari barua hii, maana yanayofuata ni yao.

Wewe mama fundi, uliuliza vizuri na nikakudanganya. Ève asiingizwe tena kwenye mashine kabla hujajua la kufanya na ngozi ile. Moto alioulalamikia ulikuwa wa kweli. Na kuanzia sasa, mtu akitoka kwetu usimuulize chuma peke yake. Muulize kama amechanjwa, wapi, na walipaka nini. Muulize na yule aliyemleta, na akijibu haraka muulize tena.

Na wewe, Daktari Mukendi, barua hii ni yako kuliko ya kaka yangu. Chuma kiko kwenye ngozi, chale saba, mbele ya sikio la kushoto na kando ya taya. Kwenye mfupa hakimo. Iondoe ngozi hiyo kwanza, au mwambie fundi wako aipange mashine kwa namna nyingine kama anaweza. Ninyi ndio mnaojua, mimi ninachojua ni kilichomo. Futa Alhamisi. Usiikate bawaba ile kabla hujaiona.

Dada yako,
Phébé Masengo